Bado Uko Chini

Mashine ya geti ilimkatalia Jilala asubuhi, wakati zamu inaingia. Aliweka kidole gumba kama kila siku, taa ikawaka nyekundu, na maandishi yakapita kwenye kioo kidogo: BADO UKO CHINI.

Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni walicheka.

"Kumbe uko chini tangu jana?" alisema Ngusa, fundi wa kusimika matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara, yaani shimo la kuchimbia, zisibomoke. "Basi huyu anayetuzibia njia ni nani?"

"Mzimu wake," mwingine akadakia. "Mpisheni, asije akatugusa."

Mlinzi, Gregory, alifuta kioo kwa mkono wa shati na kumwambia Jilala ajaribu tena. Nyekundu. Ngusa akamsogeza pembeni, akasema vidole vya watu wa Runzewe vimezoea kupukuchua mahindi, ndiyo maana mashine haivielewi. Akaweka chake. Nyekundu. BADO UKO CHINI. Kicheko kikapungua. Gregory aliwaandika wote wawili kwa kalamu, akawafungulia kwa mkono.

Vumilia aliyaona hayo kupitia dirisha la ofisi. Jilala alikuwa mume wake. Alimpungia mkono akipita kuelekea kwenye winchi ya kushushia watu shimoni, na Vumilia hakumpungia, kwa sababu sababu ya taa ile alikuwa anaijua, au alidhani anaijua.

Kazi yake pale mgodini ilikuwa kutoa taarifa. Alikuwa akiiandikia kompyuta amri kwa lugha yake ya kutolea taarifa, nayo inachambua, inapanga na kuchapa. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na mkuu wa idara, Edward, alitaka taarifa moja ya kila mtu aliyewahi kufanya kazi kwenye eneo lile. Watu hao walikuwa kwenye mafaili mawili. Faili jipya lilikuwa la geti: namba ya mfanyakazi, jina, alikotoka, alipoingia, alipotoka. Faili la zamani liliachwa na mmiliki wa kwanza, aliyechimba papo hapo mpaka mvua za El Niño zilipojaza duara maji na kuta zikawalalia watu. Hilo halikuwa na namba. Lilikuwa na jina, alikotoka, na siku ya kuingia. Safu ya kutoka ilikuwa tupu toka juu mpaka chini, maana walioandikwa ni wale waliokuwa shimoni siku ile, na hakuna aliyetoka.

Alifundishwa kwamba watu hawaunganishwi kwa majina. Lakini jana yake, bila namba, hakuwa na kitu kingine cha kushika, akaagiza mafaili yalinganishwe kwa jina na alikotoka. Amri ile hugawa watu mafungu matatu: waliomo kwenye la zamani tu, waliomo kwenye jipya tu, na waliomo kwenye yote mawili. Fungu la tatu alitegemea litoke tupu. Wakatoka wachache, Ngusa na Jilala wakiwamo.

Alielewa papo hapo. Huko kwao mtoto mchanga akilia bila kunyamaza hutajiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Jilala alizaliwa muda mfupi baada ya duara kumfunika baba yake mkubwa. Alilia mpaka shangazi yake, Zipora, akamwita kwa jina la yule aliyebaki shimoni. Hapo ndipo aliponyonya. Jina moja, ukoo mmoja, kijiji kimoja. Ngusa naye alirithi la babu yake kwa njia hiyohiyo. Kwa kompyuta, kila wawili walikuwa mtu mmoja.

Alipaswa kuwatenganisha. Lakini Edward alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na wakaguzi walitaka kazi iliyokamilika. Vumilia aliagiza kwa waliomo kwenye yote mawili safu za faili la zamani ziandikwe juu ya zile za jipya, akahifadhi juu ya faili la geti, akazima taa. Kwa hiyo walio hai walipata siku ya kuingia ya wafu. Siku ya kutoka hawakuipata.

Sasa alifungua mstari wa mumewe, akajaza siku ya kutoka, zamu ya jana, akahifadhi. Akafunga, akafungua. Pengo lilikuwa tupu. Akajaza tena. Safari hii hakufunga, alikaa akiliangalia, na tarakimu zikafutika mbele ya macho yake kuanzia ya mwisho kurudi ya kwanza, kama mtu anayezilamba. Ndipo harufu ilipomfikia. Tope bichi na magogo yaliyooza. Aliangalia juu kwenye kiyoyozi. Kilikuwa kimezimwa.

"Dada Vumilia," alisema Edward alipoelezwa, "nilikuajiri kwa mambo ya kompyuta au ya mizimu?"

"Bosi, naomba nakala ya juzi. Ile ya kabla sijaunganisha."

Edward aliitafuta mwenyewe, kwa kujiamini. Nakala ya juzi ilikuwa imeunganishwa. Ya wiki iliyopita pia. Ya mwaka jana, kabla Vumilia hajaajiriwa, ilikuwa na mstari wa Jilala Masanja wa Runzewe aliyeingia enzi za El Niño na hajatoka.

"Seva imechoka hii," Edward alisema. Lakini alikuwa ameshasimama, na mkono wake ulikuwa umefunika pua.

Jioni Jilala alirudi nyumbani kwao Kalangalala akiwa mkavu, viatu vikavu, vumbi la mawe kwenye nyusi. Binti yao Suzana alimkimbilia, akafika katikati ya sebule akasimama.

"Baba, unanuka."

"Nanuka nini, mama?"

"Unanuka kisima."

Vumilia aliangalia sakafuni. Kutoka mlangoni hadi miguuni kwa mumewe kulikuwa na nyayo za maji ya rangi ya udongo. Viatu vyake vilikuwa vimebaki nje kizingitini. Soksi zilikuwa kavu.

Jilala hakula sana. Alikohoa, akafuta mdomo kwa kiganja, akakificha kiganja. Kisha, ametulia tu akisikiliza redio, kidole chake kikaanza kugonga meza. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Vumilia aliolewa na mtu wa winchi. Lugha hiyo aliijua. Pigo moja shimoni humaanisha shusheni, mawili simamisheni, matatu nivuteni.

"Baba Suzana, unagonga nini?"

"Sigongi," alisema Jilala. Kidole kiliendelea.

Kesho yake mchana Ngusa alikutwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, amekaa kwenye benchi kavu, mgongo umeegemea ukuta, mdomo wazi. Walipomlaza, maji yalimtoka. Yalitoka mengi kuliko mwili wa mtu unavyoweza kubeba, mekundu, na vipande vya gome la mti ndani yake. Daktari aliyeitwa alisema mtu huyu amezama. Gregory akamwambia daktari kwamba bomba la chumba hicho halijatoa maji tangu wiki iliyopita, na daktari akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye anasema anachokiona.

Vumilia alirudi ofisini akaiendesha amri upya. Ngusa hakuwepo tena kwenye fungu la yote mawili. Faili jipya halikumjua. Alikuwa amehamia fungu la kwanza, la zamani tu, pamoja na waliofunikwa.

Waliobaki kwenye fungu la tatu walikuwa bado na mapengo. Aliyefuata kwa mpangilio alikuwa Jilala.

Hakuomba ruhusa. Alimtoa mumewe kwenye winchi kwa kumwambia mtoto anaumwa, wakapanda bodaboda moja, na nguo zake Vumilia zililowa mahali mume wake alipomshika kiunoni.

Bi Mwanaima alikuwa amepanga chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Alitoka Tabora miaka mingi nyuma, na wachimbaji wa dini zote walikuwa wakimwendea kwa mambo ya majini. Alimtazama Jilala akiwa bado mlangoni.

"Huyo umemtoa wapi?"

"Ni mume wangu, Bi Mwanaima. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nakuuliza wa pili."

Alimketisha Jilala kwenye mkeka, akaweka udi kwenye kaa, akamfunika kwa shuka jeupe, akaanza kusoma. Nje fundi alikuwa anagonga chuma. Kwa muda hakukuwa na kitu ila moshi. Kisha fundi akapumzika, na ugongaji ukaendelea, mara tatu, kimya, mara tatu, kimya, ukitokea chini ya mkeka, chini ya saruji, mbali.

"Nani yuko hapo?" aliuliza Bi Mwanaima.

Sauti iliyotoka ndani ya shuka haikuwa ya Jilala. Ilikuwa ya watu wengi wanaozungumza kwa zamu, kila mmoja akipewa neno moja.

"Mwenye duara."

"Unataka nini kwa huyu?"

"Aliyeingia na hakutoka ni wangu. Niliwachukua wangu, nikanyamaza. Nyie ndio mmeniletea wengine. Mmewaandika wenyewe kwamba wameingia. Sasa mnanifuata mnalia."

"Ilikuwa makosa," alisema Vumilia. Alikuwa amepiga magoti bila kujua. "Ni makosa ya kazi. Ni mimi. Nichukue mimi."

"Wewe hukuingia," sauti ilisema, na kulikuwa na upole ndani yake uliomtisha kuliko yote.

Udi ulizimika. Jilala aliangukia ubavu akitapika tope kwenye shuka.

Bi Mwanaima hakumdanganya. Alisema jini la namna hii halifukuzwi, maana liko nyumbani kwake. Ila kuna njia.

"Siku ya kutoka ni mali yake, ndiyo maana ukiiandika linaifuta. Jina ni lenu. Mlimpa ninyi, mnaweza kumvua. Aliyempa yupo hai?"

"Shangazi yake. Yuko Runzewe."

"Aje. Ampe jina jingine kwa mkono wake, jina la mtu asiyekufa shimoni. Likishamkaa, ndipo ulifute hili la zamani huko kwenye mashine yenu, kila lilipo. Jini litatafuta Jilala na Jilala hatakuwepo." Alimshika Vumilia kidevu ili amtazame. "Kwanza apewe, ndipo afutwe. Usigeuze. Jina ndilo linalomfunga mtu kwa watu wake. Ukilikata hajafungwa kwingine, hata mimi usinirudie."

Shangazi Zipora alipokea simu kwa sauti kubwa, kama kawaida ya wanaoamini simu ni upepo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nipo njiani, mwanangu. Mwambie asilale."

Mvua ilianza alasiri, na kabla ya jua kuzama Zipora alipiga akisema basi limesimama, maji yamepita juu ya daraja, abiria wote wameshuka, dereva anasema mpaka asubuhi. Vumilia alimsihi apande pikipiki, apande trekta, aombe msaada kwa yeyote. "Wanangu, maji yanabeba ng'ombe hapa," alisema Zipora, na Vumilia alisikia kwamba mama yule mzima alikuwa analia. Kisha simu ya Zipora ikazimika.

Vumilia alikuwa na kompyuta ya kazini mapajani. Jilala alikuwa amelala kwenye kochi mbele yake, na Suzana alikuwa chumbani amefunikwa blanketi mpaka kichwani. Mwanzoni maji yalimtoka Jilala mdomoni kidogo kidogo, naye Vumilia akawa anayafuta kwa kanga, na alipomgeuza ubavu yakatoka zaidi, na alipomgeuza ubavu wa pili yakatoka puani na masikioni pia, na kwenye kucha, mekundu, ya baridi, yenye harufu ya magogo ya zamani, yakajaa kwenye kochi na kushuka sakafuni na kuelekea mlangoni bila kupita chini ya mlango, yakirudi badala yake na kupanda, mpaka nyayo zake zikawa ndani ya maji, na chini ya maji, chini ya sakafu, wakaanza kugonga, si mmoja tena bali wote walioko fungu la kwanza, mara tatu na mara tatu na mara tatu, bila kimya katikati, na kidole cha Jilala kwenye mbao ya kochi kikiwajibu, kikipungua nguvu, kikichelewa, kikipoteza pigo la tatu, kisha la pili.

"Mama Suzana," alisema Jilala. Macho yalikuwa yake. "Nivute."

Vumilia alimkumbuka Bi Mwanaima. Hakuna ambaye angeweza kusema hakukumbuka. Alifikiria asubuhi, na daraja, na Zipora akifika na jina jipya kwa maiti. Akafungua faili la zamani, akalifuta jina la mumewe. Akafungua la geti, akafuta. Akafungua taarifa ya wakaguzi, na kompyuta ikamuuliza kama ana uhakika, akasema ndiyo.

Maji yalikauka kama yaliyomwagwa kwenye mchanga. Ugongaji ulikoma katikati. Mwanamume aliyekuwa kwenye kochi alivuta pumzi, akaketi, akajishika kifua.

"Limeondoka," alisema.

Vumilia alimkumbatia, akalia kwenye shingo yake, akamwita Baba Suzana mara nyingi, akacheka, akamletea uji. Alikunywa wote. Hakukohoa. Alipotaka kumwita kwa jina lake, kwa furaha tu, alikuta ulimi umesimama, akadhani ni uchovu.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Mwanamume alikuwa amekaa mezani, na Suzana alitoka chumbani akifikicha macho, akamwona, akarudi nyuma ya mama yake.

"Shikamoo," alimwambia, kama anavyoamkia wageni. Kisha kwa mama yake, kwa kunong'ona, "Mama, baba yuko wapi?"

Mwanamume alimtazama Vumilia. Vumilia alifungua mdomo aseme baba ndiye huyu, na neno lile nalo likateleza likaondoka. Alibaki akijua kitu kimoja tu, kwamba usiku alilia sana kwa ajili ya mtu, na kwamba ilikuwa muhimu asisahau.

"Niite," alisema mwanamume. "Mke wangu. Niite basi."

"Samahani, kaka," alisema Vumilia.

Mwanamume alisimama taratibu. Alitembea mpaka mlangoni kama mtu asiyejua mlango unafungukia upande gani, akatoka uani.

Zipora alifika baadaye kwa bodaboda, gauni limejaa tope mpaka magotini. Alipita uani, akamsalimu mwanamume aliyeketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, akaitikiwa, akaingia ndani.

"Shikamoo, shangazi. Pole na safari."

"Marahaba. Nimepoa." Alikaa. Alifungua kifundo cha kanga, ndani mkiwa na unga mweupe wa kumpaka mtu usoni, akauangalia kwa muda. "Mwanangu, mlinipigia simu mkalia. Nimevuka maji nikiwa nimeshikwa mikono. Nikasema huyo nikimfikia nitampa jina la babu yangu, aliyekufa mzee kitandani kwake. Lakini toka darajani nawaza. Nimekuja kumpa nani?"

Vumilia alitafuta. Alitafuta kwa uaminifu kabisa, akiangalia kochi, viatu vikubwa vya kazi vilivyokuwa kizingitini, sahani ya tatu.

"Hata mimi, shangazi," alisema. "Labda ni Suzana?"

"Suzana ana lake."

Zipora alikifunga tena kifundo.

Nje mtu alipiga hodi. Sauti ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na hakika kama amefika panapomhusu.

"Nani?" aliuliza Vumilia.

Walimsikia akivuta pumzi ya kutaka kujibu, akaishusha, akavuta nyingine. Kisha akagonga ubao wa mlango kwa kidole, mara tatu, kimya. Mara tatu.

Vumilia alimwambia Suzana afunge mlango kwa komeo.